Nyumba Hii Haiuzwi: Sultani Ndani ya Sanduku la Bibi

Mjomba wangu ni mchoraji wa mabango. Kibanda chake kiko Tandale, si mbali na soko, katikati ya fundi cherehani na muuza mkaa. Kwa zaidi ya miaka thelathini amechora vichwa vya saluni, ng'ombe wa bucha, samaki wa migahawa na ramani za Afrika kwenye kuta za shule. Siku hizi mabango ya kuchapwa kwa mashine yamemchukulia wateja wengi, lakini bado wapo wanaokuja na picha kwenye simu na kumwambia, "Nichoree huyu, ni marehemu baba." Basi atapiga msasa kipande cha plaiwudi, atapaka rangi ya chini, atachora miraba kwa penseli, na baada ya siku tatu marehemu anaitazama Tandale tena.

Mwaka jana nilimpelekea kazi yangu kabla sijaipeleka kwa msimamizi. Ninasoma shahada ya uzamili ya historia, na nilikuwa naandika pendekezo la tasnifu kuhusu picha za masultani wa Zanzibar: za rangi ya mafuta, za kamera na za kwenye stempu. Nilitaka macho ya mtu anayekula kwa kuchora nyuso.

"Shikamoo, Mjomba."

"Marahaba, mama. Umeniletea nini?"

Ananiita mama kwa sababu nimerithi jina la mama yake. Nilikaa kwenye ndoo ya rangi iliyogeuzwa, nikamsomea sentensi niliyokuwa naringia kuliko zote: kwamba kadiri mamlaka ya masultani wa Zanzibar yalivyopungua ndivyo picha zao zilivyoongezeka, na kwamba picha hizo zilikuwa hadaa waliyotengenezewa raia wasiojua.

Akaweka brashi kwenye kopo la thina. "Kwa hiyo mama yangu alikuwa hajui?"

Sikuelewa bibi yangu ameingiaje hapo. Alipomaliza kunieleza, nilielewa kwamba nilikuwa nimemtukana mtu wa nyumbani kwangu kwa lugha ya kitaaluma. Makala haya ni jaribio la kulijibu swali lile. Nusu ya kwanza ya sentensi yangu bado naitetea. Nusu ya pili nimeifuta, na nitaeleza kwa nini.

*

Nianze nilipoanzia mwenyewe. Mwaka 2019, nikiwa bado shahada ya kwanza, tulikwenda Unguja kwa boti kama wanafunzi wengi wanavyokwenda: asubuhi Mji Mkongwe, mchana urojo Forodhani, jioni boti ya kurudi. Katikati tuliingia Makumbusho ya Kasri, jumba jeupe linalotazama bahari, makazi ya masultani wa mwisho. Baada ya Mapinduzi ya 1964 liliitwa Kasri la Wananchi, na mwaka 1994 likafunguliwa kuwa makumbusho ya enzi hiyohiyo iliyopinduliwa.

Ndani kuna samani nzito, viti vya enzi, na masultani ukutani. Wamechorwa kwa rangi ya mafuta, wengine wakubwa kuliko mtu wa kawaida. Wana vilemba, majoho yenye nakshi za dhahabu, jambia au upanga, na wa baadaye wana nyota na nishani kifuani. Tulipiga picha mbele yao huku tukicheka, mmoja wetu akajaribu kukaza uso kama Sayyid Khalifa. Nilipita haraka. Nilitoka na hisia moja tu, kwamba watu hawa walikuwa na nguvu sana.

Hisia hiyo ndiyo kazi ya picha ya mfalme. Ukuta mrefu, fremu nzito na macho yanayokutazama kutoka juu vinakufanya ufikirie kwamba aliyechorwa alikuwa akiamua mambo. Pia zinapangwa kwa mfululizo, baba kisha mwana kisha mjukuu, kana kwamba ufalme ulipita mkono kwa mkono bila mtu mwingine kuugusa. Nilihitaji miaka kadhaa ya kusoma ili nijue kwamba mtu mwingine aliugusa sana.

*

Tuwarudie wale waliokuwa na nguvu kweli. Sayyid Said bin Sultan alitawala tangu 1806 hadi 1856, akahamishia makao yake Unguja, akasimamia kupanuka kwa mashamba ya karafuu na biashara ya pembe na watumwa iliyofika hadi maziwa makuu. Mwaka 1833 alifunga mkataba wa biashara na Marekani. Kwa mtu wa kiwango chake, sura yake imebaki katika picha chache mno. Inayojulikana zaidi iko Peabody Essex Museum huko Salem, Massachusetts, na inahusishwa na Luteni Henry Blosse Lynch, ofisa wa majini wa Waingereza aliyehudumu India.

Katika makumbusho hayohayo kuna picha ya Ahmad bin Na'aman, mjumbe wa Sayyid Said aliyefika New York mwaka 1840 na jahazi la kivita *Sultanah*, lililosheheni karafuu, pembe na tende. Wenyeji walimshangaa, na mchoraji Edward Mooney akamchora. Angalia nani anahitaji sura ya nani. Wanaochora ni wageni, na wanaotunza picha ni mji wa wafanyabiashara waliotaka pembe na kopali ya Zanzibar. Sayyid Said hakuhitaji kutundikwa ukutani Unguja ili atiiwe Unguja.

Alihitaji jina. Katika tawala nyingi za Kiislamu alama mbili za mtawala zilikuwa kutajwa jina lake katika hotuba ya Ijumaa na kugongwa jina lake kwenye sarafu. Sultani Barghash bin Said alipotoa sarafu zake mwaka 1882, pesa ya shaba ilikuwa na maandishi ya Kiarabu upande mmoja na mizani upande wa pili. Sura yake haipo. Na wakati huohuo sokoni Unguja ilipita sarafu yenye sura: dola ya fedha ya Maria Theresia, malkia wa Austria, iliyoendelea kugongwa na tarehe ya 1780 miaka mingi baada ya yeye kufariki. Wapwani waliishika sura ya malkia huyo kila siku, wakaipima uzito, wakanunulia karafuu. Hakuna aliyedhani anatawaliwa kutoka Vienna.

Kwa hiyo watu wa pwani walijua tangu zamani kwamba sura na mamlaka ni vitu viwili tofauti. Nilipaswa kulikumbuka hilo kabla ya kuwaita hawajui.

*

Sura ilianza kuongezeka wakati gani? Barghash mwenyewe yuko mlangoni. Mwaka 1873, meli za kivita za Waingereza zikiwa tishio baharini, alitia saini mkataba wa kufunga soko la watumwa. Mwaka 1875 alikwenda Uingereza, akakutana na Malkia Victoria, akapigwa picha studio. Mwaka huohuo ndio unaotajwa kuwa wa kuanzishwa kwa nishani ya Zanzibar, ile ya Nyota Ing'aayo. Alijenga Beit al-Ajaib mwaka 1883, jumba ambalo sehemu yake iliporomoka Desemba 2020. Alikuwa mtawala mwenye akili aliyekuwa anajifunza lugha mpya ya mamlaka, lugha ya Ulaya ya nyota kifuani na picha ya kumpa mgeni, wakati ardhi ikimponyoka bara.

Mwaka 1890 Zanzibar ikawa nchi lindwa chini ya Uingereza. Tarehe 25 Agosti 1896 Sultani Hamad bin Thuwaini alifariki, na Khalid bin Barghash akajitangaza mrithi bila idhini ya Waingereza. Tarehe 27 meli zao zilipiga mizinga kasri kwa muda usiofika saa moja. Upande wa Zanzibar watu wapatao 500 waliuawa au kujeruhiwa. Siku hiyohiyo Hamoud bin Mohammed aliwekwa kwenye kiti.

Sasa chukua stempu. Mwaka 1895 Zanzibar ilitumia stempu za India zenye kichwa cha Malkia Victoria, juu yake likagongwa neno "Zanzibar". Mwaka 1896, mwaka wa mizinga, zikatoka stempu zenye sura ya sultani. Hamad, kisha Hamoud, kisha Ali bin Hamud, kisha Khalifa bin Harub. Mstari haukunyooka kabisa. Mwaka 1904 stempu za Ali zilibeba alama ya maandishi ya jina lake badala ya uso, kana kwamba desturi ya zamani ilikohoa mara moja. Lakini mwaka 1908 uso ukarudi.

Na vifua vikajaa. Hamoud, aliyetia saini amri ya Aprili 1897 ya kuondoa utambuzi wa utumwa kisheria, alitunukiwa nishani na Victoria. Mwanawe Ali alisomeshwa Harrow, Uingereza. Khalifa, aliyekalia kiti tangu 1911 hadi 1960, karibu miaka 49, alipokea nishani za Kiingereza mmoja baada ya mwingine, na mwaka 1936 zikatolewa stempu za miaka 25 ya enzi yake. Katika miaka hiyohiyo nchi iliendeshwa kutoka ofisi nyingine. Mwaka 1913 Zanzibar ilihamishiwa Wizara ya Makoloni, baadaye akaja Mkaazi wa Kiingereza, na mwaka 1926 likaundwa Baraza la Kutunga Sheria ambalo kwa muda mrefu halikuwa na mjumbe wa kuchaguliwa. Sultani alitia saini. Waliomwandikia walikuwa wengine.

Hiyo ndiyo nusu ya sentensi yangu ninayoitetea. Said, aliyekuwa na jeshi la majini, ana picha chache. Khalifa, ambaye aliruhusiwa kuwa na bendera na mizinga ya salamu, alikuwa kwenye kila barua. Picha ya kifalme chini ya ukoloni haipimi nguvu ya aliyechorwa.

*

Nilimwonyesha Mjomba picha za Khalifa kwenye simu. Akavaa miwani, akazikuza kwa vidole viwili.

"Mteja akitaka aonekane mkubwa haniambii nimfanye mkubwa," alisema. "Ananiambia ongeza kitu. Ongeza saa. Ongeza kalamu mfukoni. Huyu ameongezewa."

"Na aliyemwongezea ni Mwingereza."

"Sawa. Lakini wewe umesema ni uongo. Mimi nimeandika 'Nyumba hii haiuzwi' mara ngapi hapa Tandale?"

Kwa msomaji asiye wa Dar: ukipita uswahilini utaona nyumba zimeandikwa ukutani kwa herufi kubwa, mara nyingi nyekundu, NYUMBA HII HAIUZWI. Mgeni anaweza kudhani ni taarifa. Mwenyeji anajua kwamba nyumba ambayo kweli haiuzwi haina haja ya kusema. Maandishi yale maana yake ni kwamba kuna mtu anaiuza, au ameshaiuza: ndugu mmoja amechukua pesa, au baba amefariki na watoto wa wake wawili wanavutana. Ukuta wenye maneno hayo ni ukuta wa mgogoro.

"Anayekuja kuniita niandike," Mjomba akaendelea, "kwa kawaida si tapeli. Ni mama mwenye watoto, anaogopa atatolewa. Hana wakili. Ana elfu kumi ya rangi. Nikiandika, nyumba inakuwa yake? Haiwi. Ila mnunuzi akija anasita."

Tangu siku ile sijaweza kuitazama picha ya sultani bila kuona rangi nyekundu.

Fikiria. Mwaka 1888 pwani ya bara ilikodishwa kwa kampuni ya Wajerumani, na mwaka 1890 Sultani Ali bin Said aliachia haki zake juu ya pwani hiyo, ukanda wa maili kumi kutoka baharini, kwa marki milioni 4. Tandale iko ndani ya maili hizo. Ardhi aliyokaa Mjomba kwenye stuli yake, akinisimulia nyumba zisizouzwa, ilishauzwa kwa mkataba wa Ulaya ambao hakuna mkazi wake aliyeulizwa. Kaskazini, pwani ya Kenya ilibaki kwa kodi kuanzia 1895, na bendera ya sultani ikaendelea kupepea Fort Jesus, Mombasa, hadi 1963. Visiwa vikabaki na sultani mwenyewe, uso wake ukiwa kwenye stempu mahali ambapo katika makoloni mengine ungekuta uso wa mfalme wa Uingereza.

Linganisha na upande wetu. Tanganyika ilipokuwa chini ya Waingereza kwa mamlaka ya Umoja wa Mataifa wa zamani, stempu zake za 1922 zilikuwa na kichwa cha twiga. Mwaka 1927 twiga akampisha Mfalme George V. Nchi isiyo na sultani ilipata kwanza mnyama, kisha mfalme wa watu wengine. Zanzibar ilikuwa na uso wake. Uso huo ulimfaa Mwingereza, kwa sababu ulifanya utawala wake uonekane ni wa mwenyeji na ukapunguza gharama. Lakini pia ulisema, mbele ya mnunuzi, kwamba nyumba hii ina mwenyewe. Maneno mawili yaliandikwa kwa rangi moja, na mhakiki anayesoma moja tu anasoma nusu ya ukuta.

*

Sasa bibi.

Alizaliwa Ng'ambo, ule upande wa mji wa Unguja ambao watalii hawaupigi picha sana. Mama yake alichuma karafuu kwa vibarua. Bibi na babu walihamia Dar es Salaam mwaka 1965 kwa ajili ya kazi ya babu bandarini, wakapanga Magomeni, kisha wakajenga vyumba viwili Tandale wakati Tandale bado ina minazi. Ukutani sebuleni palikuwa na Mwalimu Nyerere, kama kwa kila mtu. Ndani ya sanduku la mbao, chini ya kanga za kuzikia, palikuwa na Sayyid Khalifa bin Harub.

Mimi sikuwahi kujua. Bibi alifariki nikiwa darasa la tatu. Mjomba ndiye aliyenipeleka ndani, akafungua sanduku, akaitoa. Ni picha ndogo iliyokatwa kwenye karatasi ngumu, labda ya kalenda: mzee mwenye ndevu nyeupe, kilemba, joho, nyota. Pembe moja imeliwa na mende.

Pendekezo langu lilikuwa na jina la kumwita mwanamke anayetunza picha kama hii. Mjukuu wa watu waliofanyishwa kazi mashambani, anahifadhi sura ya mfalme wa wenye mashamba, mfalme asiye na nguvu, ndani ya nchi iliyompindua. Nilikuwa na istilahi tatu za kumweleza, na zote zilikuwa na maana moja.

"Geuza," Mjomba alisema.

Nyuma kulikuwa na maandishi ya Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, wino wa rangi mbalimbali, mikono tofauti. Mjomba alinisomea polepole, maana mimi sijui kuzisoma herufi hizo zikiwa Kiswahili. Yalikuwa majina na tarehe. Mtoto wa kwanza, 1957, alifariki akiwa na wiki sita. Wa pili, 1960. Wa tatu, 1966, ni Mjomba mwenyewe. Wa nne, 1970, ni mama yangu. Hapo katikati palikuwa na mstari kuhusu babu kuanza kazi bandarini, na deni la shilingi arobaini lililokatwa kwa kistari.

Miaka mingi baadaye Mjomba alipotakiwa kuthibitisha tarehe yake ya kuzaliwa, hakukuwa na cheti. Kulikuwa na mgongo wa Sultani Khalifa.

Nilimuuliza swali ambalo nilidhani ni zito: kwa nini Bibi aliendelea kuandika pale baada ya 1964, wakati picha hiyo ingeweza kumletea maneno?

"Karatasi ilikuwa ngumu," alisema.

Nilisubiri aongeze. Hakuongeza.

*

Najua hatari ya hadithi kama hii. Ni rahisi kuifanya ya huruma: bibi mwema, sultani mwema, dunia ya zamani iliyotulia. Haikutulia. Chini ya uso ule wa upole ardhi nzuri ilikuwa ya wachache, na waliochuma karafuu walikaa kwenye mashamba ya watu kwa ridhaa ya wenye mashamba. Uchaguzi wa Juni 1961 ulifuatiwa na ghasia zilizoua watu 68. Tarehe 10 Desemba 1963 Zanzibar ilipata uhuru chini ya Sultani Jamshid, na tarehe 12 Januari 1964, mwezi mmoja na siku mbili baadaye, yakaja Mapinduzi na mauaji ambayo familia nyingi za Unguja bado hazijayasimulia hadi mwisho. Jamshid alikimbia kwa meli. Alifariki Muscat Desemba 2024. Mtu asiniambie picha za wafalme hazina damu.

Katika siku zile za Januari serikali mpya ilihitaji stempu na haikuwa na zake. Ikachukua zilizokuwepo, zenye sura ya Sultani Abdullah bin Khalifa, ikazigonga muhuri: JAMHURI 1964. Nimeziona kwenye picha za wakusanyaji. Muhuri umekaa upandeupande, haraka inaonekana, na nyuma yake sultani anaendelea kutazama kama hajaambiwa. Mwaka 1895 neno "Zanzibar" lilikaa juu ya uso wa malkia, na mwaka 1964 neno "Jamhuri" likakaa juu ya uso wa sultani. Kati ya mihuri hiyo miwili kuna miaka 69, na karibu yote ni historia ya picha ninayoisoma.

Kwangu stempu hiyo ndiyo kazi ya sanaa iliyo bora zaidi katika habari hii, ingawa hakuna msanii aliyeikusudia. Picha za mafuta za Kasri zinaficha mgogoro. Zimepangwa kwa ukoo, zina heshima sawa kwa aliyekuwa na nguvu na aliyepewa kiti baada ya mizinga, na mtu akipita haraka kama nilivyopita mimi hatajua tofauti. Hapo ndipo lawama yangu kwa picha hizo ilipo, na kwa namna tunavyozitundika: zinamnyima mtazamaji swali la nani alikuwa anaandika amri. Stempu iliyogongwa muhuri inaacha swali wazi. Unaona uso, unaona neno, unaona mkono uliokuwa na haraka.

Na karatasi ya bibi inaonyesha kitu ambacho picha za mafuta wala stempu haziwezi, yaani kile raia alichofanya na uso aliopewa. Hakuuabudu, hakuupindua. Aliufanyia kazi. Aliona kwamba upande wa pili ni mweupe. Ninaposema picha ya kifalme ilikuwa chombo cha mamlaka, lazima niongeze kwamba chombo kikishafika nyumbani kwa mtu, mwenye nyumba ana matumizi yake. Huenda pia alimpenda yule mzee. Watu wengi wa Unguja walimpenda, na mapenzi hayo hayahitaji ruhusa yangu. Lakini kama alimpenda, hakuona vibaya kumwandikia deni la shilingi arobaini mgongoni.

*

Machi 2021, Rais Magufuli alipofariki, nilikuwa natembea na mama yangu kuelekea Manzese. Ndani ya wiki chache fremu za madukani zilibadilishwa. Misumari ilikuwa ileile, na mara nyingi fremu ileile. Mwalimu alibaki pembeni, kama kawaida yake. Wakati huo sikufikiria lolote. Sasa najiuliza ni fremu ngapi Tandale zina rais mmoja nyuma ya mwingine, na nyuma yao wote kuna nini: risiti, namba ya simu ya fundi, tarehe ya mtoto. Sisi tunaohakiki picha za watawala tumezoea kusimama mbele. Pengine tuombe ruhusa ya kugeuza.

Sentensi yangu mpya ni ndefu kuliko ya kwanza, na haina ukali ambao nilikuwa naupenda. Inasema kwamba chini ya ulinzi wa Waingereza picha ya sultani iliongezeka kwa sababu umiliki wa nchi ulikuwa na mgogoro. Kwamba Mwingereza aliitumia kuficha mgogoro huo, sultani aliitumia kuweka dai lake, na raia, waliojua siku zote kwamba sura si mamlaka, waliitumia walivyohitaji. Msimamizi wangu ameisoma na kuuliza ushahidi wa kipande cha mwisho uko wapi.

Nilirudi kwa Mjomba kuomba kupiga picha ile karatasi, mbele na nyuma, niiweke kwenye tasnifu. Alikuwa juu ya ngazi, anaandika herufi ya H ya nyumba nyingine isiyouzwa. Alifikiri kidogo.

"Mbele onyesha tu," alisema. "Yule ni wa watu wote. Nyuma yafunike majina."

Nikamshikia ngazi hadi alipomaliza.